Zana gani nitumie kujua kama fedha za mradi wa elimu zinaleta matokeo?

SWALI: Naratibu mradi wa kambi za kusoma katika shule 12 za msingi mkoani Morogoro. Vijana wa kujitolea wanakaa na watoto wa darasa la tatu na la nne ambao hawajui kusoma vizuri, saa moja kila siku baada ya vipindi. Mfadhili anasema kabla ya kuongeza mkataba anataka uchambuzi wa ufanisi wa gharama, yaani kila tokeo limegharimu kiasi gani, na ameuliza kwa nini fedha hizo zisinunue vishikwambi. Mhasibu wetu ana leja yote hadi senti ya mwisho. Mtandaoni nimeona CostOut, Dioptra na faili za Excel za kituo cha utafiti cha J-PAL. Ipi inafaa taasisi ndogo kama yetu? Na kuhusu vishikwambi nijibu nini?

JIBU: Ndugu mratibu, tumia Excel. Zana ulizozitaja ni nzuri na nitakueleza kila moja ilivyo, ila hakuna hata moja itakayokupa mambo mawili ambayo leja ya mhasibu wako haina. La kwanza ni thamani ya vitu ambavyo mradi unavitumia bila kuvilipia. La pili ni idadi ya watoto wanaosoma leo ambao bila mradi wasingekuwa wanasoma. Hayo yote yanakusanywa shuleni wakati kambi zinaendelea, na ukisubiri mwaka uishe utabaki kubahatisha. Kwa hiyo jibu langu litakaa zaidi kwenye hayo mawili kuliko kwenye programu za kompyuta.

Njia inayotumiwa na karibu kila zana uliyoiona ina mzizi mmoja. Henry Levin, mchumi wa elimu wa Marekani, aliieleza tangu miaka ya 1970, na inaitwa njia ya viambato. Unaanza kwa kuuliza mradi unatumia nini ili ufanye kazi: watu wangapi, kwa saa ngapi, chumba gani, vitabu vingapi, uji wa nani. Bei haiguswi mpaka orodha ya vitu na kiasi chake imekamilika. Ndipo kila kitu kinapewa thamani yake, kiwe kimelipiwa na mradi, na halmashauri, na mzazi, au hakijalipiwa na mtu yeyote.

Leja haifanyi hivyo. Leja inakuambia fedha zilizotoka kwenye akaunti yenu. Kijana anayelipwa posho ya Sh 50,000 kwa mwezi anaonekana kwenye leja kama kitu cha Sh 50,000, wakati shirika jingine likitaka kumpata kijana wa aina hiyo, aliyemaliza kidato cha nne, anayejua kusoma vizuri na anayefika kila siku, litalazimika kumlipa zaidi. Mwalimu anayebaki hadi saa kumi jioni kuangalia kambi haonekani kabisa, kwa sababu mshahara wake unatoka serikalini. Debe la mahindi ambalo mzazi amelileta kwa ajili ya uji nalo halionekani.

Tufanye hesabu. Takwimu hizi ni za mfano tu, weka zako mahali pake. Tuseme kambi zina watoto 1,000, leja inaonyesha Sh milioni 40, na mradi ni wa miezi sita. Ukigawanya unapata Sh 40,000 kwa mtoto, na miradi mingi inaishia hapo, inaandika kwenye ripoti na kusonga mbele.

Sasa anza kurekebisha. Ndani ya hizo milioni 40 kuna Sh milioni 9 za vitabu ambavyo vitatumika miaka mitatu. Mwaka huu umetumia theluthi moja tu, kwa hiyo unaondoa milioni 6 na leja inabaki na milioni 34. Kisha vijana. Wako 24, wawili kila shule. Tuseme umeuliza mtaani ukaambiwa kazi ya namna ile ingelipwa Sh 120,000 kwa mwezi. Tofauti na posho ni Sh 70,000, mara vijana 24, mara miezi sita, inakuwa Sh 10,080,000. Walimu: mmoja kila shule, saa tano kwa wiki, wiki 24, ni saa 1,440 kwa shule zote. Ukiweka Sh 5,000 kwa saa kutokana na ngazi zao za mshahara, ni Sh 7,200,000. Uji: ukithaminisha mahindi, sukari na kuni kuwa Sh 2,000 kwa mtoto kwa mwezi, ni Sh 12,000,000. Jumla mpya ni Sh 63,280,000, yaani Sh 63,280 kwa mtoto.

Angalia kilichotokea. Karibu moja ya tano ya gharama yote inabebwa na wazazi kwa njia ya uji, na hapo awali hukuwa na mstari hata mmoja unaowataja. Nakuomba sana usiuache mstari huo. Mradi ukipanuliwa kwenda kata ambayo mavuno yamekuwa mabaya, uji hautapatikana, watoto watakaa na njaa mpaka saa kumi, nusu yao watakuwa wameondoka, na watu watasema kambi hazifanyi kazi. Hazikushindwa kambi. Kilichokosekana ni kiambato ambacho hakuna aliyekiandika. Kwa sababu hiyo weka safu inayosema nani amelipa: mradi, halmashauri, wazazi, wanaojitolea. Mfadhili asome jumla yote na asome pia sehemu yake.

Jambo moja dogo kuhusu ukusanyaji. Usimuulize mwalimu mwezi wa kumi na moja kwamba mwezi wa nne alibaki saa ngapi. Mpe daftari la kurasa chache kwenye kila shule, aandike tarehe, muda wa kuanza, muda wa kumaliza na idadi ya watoto. Mwalimu mkuu asaini kila Ijumaa. Daftari hilo lina thamani kuliko programu yoyote utakayoipakua.

Sasa upande wa pili wa mgawanyo, yaani matokeo. Hapa ndipo hesabu nyingi za miradi yetu zinapoharibika, na huharibika zaidi kuliko kwenye gharama.

Endelea na mfano. Mwanzoni asilimia 30 ya watoto waliweza kusoma aya, mwishoni asilimia 52. Mradi unaandika kwamba watoto 220 wamejifunza kusoma. Ukigawa milioni 40 za leja kwa 220 unapata kama Sh 182,000 kwa kila msomaji mpya, na inapendeza. Lakini watoto wa darasa la tatu wanakua. Wanafundishwa asubuhi, wanasoma mabango ya dukani na kusaidiwa na dada zao. Baadhi yao wangejua kusoma hata kama kambi isingekuwepo. Tuseme katika shule jirani zisizo na kambi, zenye watoto wa hali ileile, asilimia imepanda kutoka 30 hadi 40 katika kipindi kilekile. Basi kazi ya kambi ni alama 12 za asilimia, siyo 22. Watoto 120. Gawa gharama kamili ya Sh 63,280,000 kwa 120 unapata kama Sh 527,000 kwa kila mtoto wa ziada aliyejua kusoma. Ni karibu mara tatu ya ile ya kwanza, na mradi ni uleule.

Najua tarakimu hiyo inatisha kuipeleka kwa mfadhili. Ipeleke. Sh 182,000 ni tarakimu ambayo haielezi kitu kilichotokea duniani, na mtu mwenye ujuzi akiikagua ataibomoa kwa swali moja, kisha hatakuamini tena kwenye mengine. Hiyo nyingine unaweza kuitetea.

Shule za kulinganisha zitakuumiza kichwa, najua. Usichukue shule za mjini wala usichukue zile zilizokataa mradi, maana zina tofauti zao. Kama mnapanga kuongeza shule mwaka ujao, zichague sasa kwa kura, zipimeni mwaka huu pamoja na hizi mlizonazo, halafu zipate kambi mwaka unaofuata. Hakuna anayenyimwa kitu, mnapishana muda tu. Na anayepima asiwe kijana aliyefundisha.

Kuhusu kipimo chenyewe, naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu nimeona watu wakibishana juu ya bei ya madaftari na kupita haraka kwenye swali la nini kipimwe. Kaskazini mwa Uganda, eneo la Lango, shirika la Mango Tree liliendesha mradi wa kufundisha watoto kusoma kwa lugha yao ya nyumbani. Watafiti Jason Kerwin na Rebecca Thornton waliupima kwa kugawa shule kwa bahati nasibu, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2021. Kulikuwa na mradi kamili, na kulikuwa na toleo la bei nafuu ambalo vifaa vilipunguzwa na mafunzo ya walimu yakapitishwa kwa maofisa wa serikali badala ya wakufunzi wa mradi wenyewe. Ndivyo kila serikali inavyotaka kufanya ikipewa mradi mzuri wenye gharama.

Mradi kamili uliinua kusoma kwa mkengeuko sanifu 0.64 na kuandika kwa 0.45. Mkengeuko sanifu ni kipimo cha takwimu kinachowezesha mitihani tofauti kulinganishwa, na kwa elimu ya msingi hata 0.2 huhesabiwa kuwa si haba, kwa hiyo 0.64 ni kubwa sana. Toleo la bei nafuu halikuonyesha ongezeko la kusoma ambalo mtafiti angeweza kulitofautisha na bahati, na katika baadhi ya stadi za juu za kuandika watoto walirudi nyuma kwa 0.33. Walikuwa chini ya watoto ambao hawakuguswa na mradi wowote.

Sasa fikiria mtathmini angepima kitu kimoja tu, mtoto kutaja majina ya herufi, jambo ambalo miradi mingi hulipima kwa sababu ni rahisi. Kwa kipimo hicho toleo la bei nafuu lilionekana kutoa faida kubwa zaidi kwa kila shilingi. Angeandika ripoti safi, yenye mgawanyo sahihi, inayopendekeza mradi unaowarudisha watoto nyuma katika kuandika. Hakuna kosa la hesabu mahali popote. Tatizo liko kwenye uamuzi uliofanywa kabla ya hesabu, siku ile walipokaa kuchagua kipimo.

Kwa kambi zako basi, pima herufi, silabi, neno, aya na hadithi yenye maswali ya ufahamu, kama tathmini za Uwezo zilivyokuwa zikifanya Tanzania, Kenya na Uganda. Na ongeza kuandika, hata sentensi mbili. Chagua sasa hivi, kabla ya kuona matokeo, kipi kitakuwa kipimo kikuu. Ningechagua aya, kwa sababu mtoto anayesoma aya anaweza kuendelea mwenyewe. Lakini toa taarifa ya vyote.

Nije kwenye vishikwambi, na kabla ya vishikwambi nataka nipitie KiuFunza, jaribio lililofanyika hapa Tanzania, kwa sababu swali la mfadhili wako ni la jamii hiyo: kwa nini tusinunue kitu, badala ya kulipia watu?

Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza na watafiti wakiongozwa na Isaac Mbiti walifanya jaribio hilo katika shule 350 za wilaya 10 za Tanzania, darasa la kwanza hadi la tatu. Shule 70 zilipewa ruzuku ya Sh 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine 70 hazikupewa ruzuku, ila mwalimu aliahidiwa Sh 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu kipimo cha somo lake. Nyingine 70 zilipata vyote viwili, na 140 hazikupata kitu. Baada ya miaka miwili shule za ruzuku peke yake hazikuwa na tofauti ya maana katika ufaulu. Shule za motisha peke yake zilikuwa na matokeo mchanganyiko. Shule zilizopata vyote viwili zilipanda kwa mkengeuko sanifu 0.23, zaidi ya ambavyo ungepata ukijumlisha ruzuku peke yake na motisha peke yake.

Jaribu kuhesabu ufanisi wa gharama wa ruzuku peke yake hapo. Juu una mamilioni, chini una kitu kisichotofautika na sifuri, na hesabu haipo. Ukiwa na kiburi cha jedwali ungesema ruzuku haina maana, futa. Lakini ruzuku hiyohiyo ikikutana na mwalimu mwenye sababu ya kujibidiisha inaleta matokeo makubwa. Kwa hiyo huwezi kuukata mradi vipande, ukapima kila kipande peke yake, kisha ukaviunganisha kwa kujumlisha. Kuna jambo jingine walilogundua linalohusu mstari wa wazazi niliokuomba usiufute: shule zilipopata ruzuku, wazazi walipunguza matumizi yao ya shule. Sehemu ya fedha za mradi ilichukua nafasi ya fedha ya mzazi. Ni nafuu kwa mzazi, na sidharau nafuu hiyo hata kidogo, ila haimfundishi mtoto kusoma.

Kuhusu vishikwambi vyenyewe, ushahidi wa karibu nasi unatoka Kisumu, Kenya. Chini ya mradi wa kusoma na hisabati wa PRIMR, uliokuja kabla ya Tusome, mpango wa kusoma wa taifa la Kenya, Benjamin Piper na wenzake walilinganisha njia tatu za kutumia vifaa vya kidijitali: kuwapa maofisa wanaozunguka shuleni kuwashauri walimu, kuwapa walimu, na kuwapa wanafunzi vifaa vya kusomea. Ripoti yao ilitoka mwaka 2016. Njia zote tatu zilikuwa na faida, na hazikutofautiana sana katika kiwango cha kusoma cha watoto. Zilitofautiana sana kwa bei. Afisa mmoja anahudumia shule nyingi, kwa hiyo kifaa chake kinagawanywa kwa watoto wengi, wakati kifaa cha mwanafunzi ni cha mwanafunzi. Matokeo yakilingana, anayetumia vifaa vichache ndiye mwenye ufanisi.

Kwa hiyo mwambie mfadhili hivi: kununua vifaa na kuvigawa bila kitu kingine ni miongoni mwa mambo ambayo jopo la wataalamu wa ushahidi wa elimu lililoitishwa na Benki ya Dunia na serikali ya Uingereza liliyaweka kwenye kundi la matumizi mabaya ya fedha, katika ripoti yake ya 2020 na ile ya 2023. Wakati huohuo, kumfundisha mtoto kulingana na kiwango alichofikia badala ya darasa alilopo, ambayo ndiyo roho ya kambi zenu na ndiyo kazi iliyolipa jina shirika la Pratham la India, imo kwenye kundi bora kabisa la ripoti ya 2023. Lakini uwe mkweli kwake upande wa pili pia. Jopo hilohilo linakubali programu za kompyuta zinazojirekebisha kwa kiwango cha mtoto, mahali ambapo vifaa tayari vipo. Na kwetu baadhi vipo: baada ya Sensa ya 2022 serikali iligawa vishikwambi vya sensa kwa walimu. Swali la maana kwa Morogoro, basi, ni kama kishikwambi ambacho mwalimu anacho kinaweza kumsaidia yeye au kijana wa kambi kupanga watoto kwa viwango na kutunza rekodi. Jaribio hilo ni la gharama ndogo. Lakini hata hapo usiandike sifuri. Kifaa kinachakaa, kinahitaji umeme na bando, na muda kinapotumika kambini hakifanyi kazi nyingine. Viandike kama viambato.

Huenda mfadhili akataka ulinganishe mradi wako na ya nchi nyingine. Kuna kipimo kinachotumika sana sasa, miaka ya shule iliyorekebishwa kwa kujifunza. Benki ya Dunia ilikitumia mwaka 2018 katika kipimo chake cha rasilimali watu. Kinafanya kazi hivi: katika toleo la 2020 mtoto wa Tanzania alitarajiwa kupata miaka 7.2 ya shule, na alama za ufaulu zilikadiriwa kuwa 388 kwenye mizani ambayo 625 ni kiwango cha juu. Zidisha 7.2 kwa 388, gawa kwa 625, unapata miaka 4.5. Yaani kwa kadiri ya kilichojifunzwa, ile miaka saba na zaidi ni sawa na minne na nusu ya shule nzuri. Nikiisoma tarakimu hiyo huwa naona watoto waliokaa kwenye dawati na hawakupata walichokifuata, na ndiyo sababu kazi yako naijali.

Mwaka huohuo wa 2020 Noam Angrist na wenzake walichukua tathmini 150 kutoka nchi 46 wakaziweka zote kwenye kipimo hicho, wakaona kwamba miradi michache iliyo bora zaidi inaweza kutoa sawa na miaka mitatu ya shule nzuri kwa dola 100 kwa mtoto. Miradi mingine mingi ilitoa karibu na sifuri kwa fedha hiyohiyo. Ni kazi ya maana, nami huitumia kuchagua nini cha kujaribu. Ila usichukue namba ya India ukaibandika kwenye jedwali la Morogoro kana kwamba ndiyo matokeo yako. Kenya kulikuwa na mpango wa kuajiri walimu wa mkataba. Pale ulipoendeshwa na shirika lisilo la kiserikali ulipandisha ufaulu, ulipoendeshwa na serikali haukupandisha, katika nchi moja na wakati mmoja. Kama kubadilisha mwendeshaji kunafuta matokeo, kuvuka bahari kunaweza kufanya zaidi.

Na tahadhari nyingine juu ya ulinganisho. Dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, Kenya, utafiti maarufu wa Edward Miguel na Michael Kremer wa 2004, zilipunguza utoro kwa robo kwa gharama ndogo sana. Kwa kipimo cha mahudhurio ni vigumu kupata mshindani. Lakini alama za mitihani hazikupanda. Mtu akiuliza kama dawa za minyoo zina ufanisi kuliko kambi za kusoma, mrudishie swali: ufanisi katika nini?

Haya, zana. CostOut ilitengenezwa na kituo kilichoanzishwa na Levin katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Haina malipo, inakuongoza kiambato kwa kiambato, inagawa vitu vya kudumu kwa miaka na kurekebisha mfumuko wa bei. Shida yake kwako ni kwamba hazina yake ya bei ni ya Marekani, kwa hiyo utaingiza bei zote mwenyewe, na ukishafanya hivyo Excel ingetosha. Dioptra ilianzishwa na shirika la misaada la IRC kwa kushirikiana na mashirika mengine makubwa ya kimataifa. Inachukua mistari ya mfumo wa uhasibu na kuigawa kwa shughuli. Inafaa shirika lenye miradi mingi nchi nyingi na wahasibu wengi, kwa taasisi yako ni kubwa mno. Kikokotoo cha Brookings, taasisi ya utafiti ya Marekani, cha gharama za watoto na vijana kinasaidia kama bado hujui mistari gani uweke, pitia maswali yake uone ulichosahau. Faili za J-PAL ni Excel za kawaida zenye maelekezo mazuri, na lile fupi ndilo ningekupa. Pakua, futa mistari isiyokuhusu, ongeza safu ya nani amelipa.

Bei ziandike kwa shilingi za mwaka zilipotumika. Dola ziweke mwishoni, mstari mmoja, pamoja na tarehe na kiwango cha ubadilishaji ulichotumia, maana shilingi ikisogea mradi wako utaonekana umepanda au umeshuka bei na hakuna kilichobadilika shuleni. Tenganisha pia gharama za kuanzisha na za kuendesha, kwa sababu semina ya kwanza na uandishi wa vitabu havirudiwi kila mwaka.

Halafu tikisa hesabu yako kabla mwingine hajaitikisa. Rudi kwenye mfano. Kama kijana angelipwa Sh 80,000 badala ya 120,000, gharama inashuka hadi Sh 57,520,000 na kila msomaji wa ziada anakuwa wa kama Sh 479,000. Tofauti ipo lakini siyo kubwa. Sasa acha gharama kama ilivyokuwa, ubadilishe matokeo: alama nane badala ya 12 inakupa Sh 791,000, na alama 16 inakupa kama Sh 395,000. Umeona shaka kubwa iko wapi. Kwa hiyo kama una muda na fedha za kuboresha sehemu moja tu ya uchambuzi, zipeleke kwenye upimaji: watoto wengi zaidi, shule za kulinganisha zilizochaguliwa vizuri, wapimaji waliofundishwa. Usiwaumize vichwa vijana wako kwa kubishana bei ya kalamu.

Ripoti yako kwa mfadhili iwe ya kurasa nne au tano. Weka jedwali la viambato lenye safu ya nani amelipa, kipimo kikuu na vile vingine vyote, gharama kwa kila mtoto wa ziada anayesoma aya kwa kiwango cha chini, cha kati na cha juu, na aya moja juu ya vishikwambi kama nilivyokueleza. Kama shule za kulinganisha hamna mwaka huu, andika gharama kwa mtoto peke yake, sema wazi kwamba ufanisi haujapimika bado, na omba fedha za kuupima mwaka ujao ndani ya mkataba huohuo mpya. Wafadhili wengi wakielezwa hivyo hukubali, kwa kuwa wao pia wana bodi zinazowauliza. Daftari za walimu zigawe wiki hii.